Mvua ya Ofa

Saumu alikuwa akimenya viazi mtu asiyemjua alipobisha hodi, amevaa sare ya duka kubwa analofanyia kazi Saumu, duka linalonunua hali ya hewa ya mji mzima.

"Wahi kesho, dada. Tunashusha mvua, miavuli ina ofa. Ukimwambia mtu, kazi huna."

"Kesho Bi Mboni anamwoza binti yake uwanjani!"

"Ndiyo maana tukachagua kesho," akacheka. "Watalowa, watanunua."

Saumu alikuwa amemwahidi Bi Mboni, jirani yake, kwamba mvua ikipangwa atamwambia. Akajifunga kanga, akaenda uwanjani Bi Mboni na wenzake walikokuwa wakitundika maua.

"Hamishieni harusi ndani, shoga. Kesho inanyesha."

"Jua lote hili? Nani kasema?" Bi Mboni akauliza.

Yule mtu wa duka alikuwa amemfuata Saumu, amesimama kando, anasikiliza.

"Mimi," Saumu akajibu, akaanza kushusha maua.