Mwaka wa Marehemu Kombo

Kila nyumba iliruhusiwa nyimbo za mwaka mmoja tu. Kombo alichagua 1951, bluzi na rithimu, nyimbo za majonzi za Wamarekani weusi, na kwa miaka thelathini mkewe, Mwanamisi, alinung'unika: "Baba Rehema, vilio hivi mpaka lini?"

Kombo akafariki. Eda ilipokwisha, afisa wa nyimbo akabisha hodi. "Pole, mama. Sasa chagua mwaka wako."

Mwanamisi akachagua papo hapo mwaka wa harusi yao, na taarabu zake zote. Bluzi zikafutwa.

Kesho yake, akichambua mchele, alijikuta anaimba wimbo wa Kombo, maneno asiyojua maana yake. Kisanduku cha ukutani, kile kilichopiga na kusikiliza nyimbo za nyumba, kikamwambia kwa upole: "Mama, huo si mwaka wako."

Akanyamaza, akaendelea kuimba moyoni. Ubeti wa pili ulikuwa umeshamtoka akilini.