Sare ya Mkwe

Siku hizi kila sare ya polisi ina kifungo kifuani. Yeyote akikibonyeza, kinataja makosa ya mvaaji. Tangu mwanawe Mbaruku afie rumande, Bi Mwanaharusi amebonyeza vifungo vya askari wa mji mzima, akimsaka aliyempiga.

Sare moja tu hakuwahi kuigusa, ya mkwewe Hemedi, waliyekaa naye nyumba moja. "Mkwe ana heshima yake, mama," binti yake Semeni alimwambia tangu wiki ya harusi. "Nguo zake niachie mwenyewe." Naye Bi Mwanaharusi akawatambia majirani: huyu nimemfunza akafunzika.

Leo mvua ilishuka ghafla, Semeni akiwa bafuni. Mama wa watu akaikimbilia kamba, akazikumbatia nguo zote kwa pamoja, na kifungo kikabonyea kifuani pake.

"Hemedi Shekue. Alimpiga mahabusu Mbaruku Kombo hadi kufa. Alipewa onyo."

Semeni akatoka mbio na khanga ya kuogea, povu bado masikioni. Aliiona sare mikononi mwa mama yake, akauona na uso wake. Hakuuliza kifungo kimesema nini.

"Mama," akasema, "si nilikukataza kuzishika?"