Nilimmulika Mama Mkwe

Jirani yangu Tausi anadai mama mkwe alifika kona ya kwetu na kikapu cha mihogo ninayoipenda, bangili yake ikalia, akageuka. "Shoga, umemmulika mkweo kama adui!"

Kweli nilimmulika. Siku hizi kila nyumba ina rada, kama ndege za kivita. Yenye antena kubwa na umeme mwingi huona mbali, lakini ukiiwasha tu, unayemmulika anajua: bangili ya tahadhari mkononi mwake inalia. Ndiyo maana marubani wanaojificha huzima zao. Mimi niliwasha ili nifunge mlango mapema, nijifanye sipo.

Kummulika tena naona haya. Nimempigia simu. Amepokea, nasikia anavyohema njiani.

"Mama, rudi basi. Mlango uko wazi."

Anahema tu; bila rada sijui anarudi au anazidi kwenda.