Uzao wa Naomi

Wakili wa Bwana Thorne alimkatiza shahidi kabla hajamaliza sentensi.

“Hayo uliyaona, bibi, au uliambiwa?”

Bi Keturah, mkunga mzee wa Kizungu, alishikilia ukingo wa kizimba. “Mama yangu alikuwapo bandarini. Alimwona Naomi akishuka melini, mwanamke huru. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa.”

“Basi uliambiwa tu.”

Sukey, mtumwa aliyemshtaki Bwana Thorne akidai uhuru wake, alikaa kwenye benchi, mkono wa askari begani mwake. Naomi alikuwa bibi yake mzaa mama. Naomi akiwa huru, Sukey yu huru, na bintiye Patience hawezi kuuzwa Georgia.

Zamani maneno ya wazee yalitosha. Lakini mwaka uliopita, papa hapa Washington, Jaji Mkuu wa nchi aliandika kwamba habari za kuambiwa hazimpi mtu uhuru. Tangu hapo, majaji wadogo wakaufunga mlango huo.

“Sina la kufanya, Sukey,” wakili wake alinong'ona. “Neno lake ndilo sheria.”

Jaji hakuchelewa. “Haikuthibitika kwamba Naomi alikuwa huru. Kwa hiyo alikuwa mtumwa. Mabinti aliowazaa ni watumwa, na watoto wa mabinti hao ni watumwa.”

Sukey aling'ang'ania benchi. Askari alimwinua kama gunia, akamtoa nje hadi kwenye gari la farasi.

Bwana Thorne alikuwa akivaa glavu, uso umemkunjuka. “Panda, Sukey. Marehemu mama yangu, Eleanor, aliniachia ukoo wenu mzima. Ulidhani nitauchezea urithi wake?”

Sukey alikuwa akifikiria namna ya kumwambia Patience.

Bi Keturah alishuka ngazi za mahakama taratibu, fimbo mkononi.

“Pole, bibi,” Bwana Thorne alimwambia. “Umejichosha bure.”

“Kuna jambo nililitunza miaka mingi, mwanangu. Niliapishwa nisiseme, na wote walioniapisha wamekufa. Nilidhani leo Naomi atapewa haki yake, nisihitaji kulisema.”

“Jambo gani?”

“Naomi alizaa mabinti wawili. Wa kwanza ni mama yake Sukey. Wa pili alitoka mweupe kabisa, usingemjua. Wiki ile ile mke wa bwana aliyemmiliki Naomi alikuwa amefiwa na kichanga chake. Bwana akamchukua yule wa Naomi, akampa mkewe amlee. Wakamwita Eleanor.”

Bwana Thorne alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. “Nani alikudanganya hivyo?”

“Anidanganye nani? Mkunga nilikuwa mimi.”

Sukey alihisi mkono wa askari ukimtoka begani. Juu ya ngazi, jaji alikuwa amesimama, kofia mkononi.

“Bwana Thorne,” alisema, “usipande gari.”