Hatua za Bi Mwanahija

Bi Mwanahija aliingia duka la saa kwa kiti chake cha magurudumu, akanyoosha mkono kwenye kaunta. Ilikuwa bado asubuhi, lakini saa yake ilishahesabu hatua elfu tisa.

"Mama, hii imechoka," alisema Shedraki, muuzaji. "Ukisukuma chapati, yenyewe inadhani unatembea. Hii mpya haidanganyiki."

"Hebu nifunge tuone."

Akamfunga ile mpya kwenye mkono wa pili. Bi Mwanahija akajifanya anasukuma chapati juu ya kioo cha kaunta, mbele, nyuma, kama afanyavyo kila alfajiri bandani kwake. Saa kuukuu ikaongeza hatua arobaini. Mpya ikabaki kwenye sifuri.

Akaitazama ile kuukuu. Mji mzima, ni hiyo tu iliyoamini kwamba anatembea.

Alipotaka kuivua mpya, ikatetemeka. Maandishi yakatokea: *Unapiga makasia?*

Shedraki akacheka. "Imekosea, Mama. Lete niizime."

"Usiiguse. Tuone inanipeleka wapi."

Akarudisha mikono juu ya kioo, akasukuma, akavuta, na kila akivuta, kiti chake kikawa kinasogea kidogo.