Wadudu Wenye Kinga

Otilia alipiga magoti mbele ya jumuiya, sala ilipokwisha, akasema ni yeye aliyeua mahindi ya kijiji.

Hakuna aliyembishia. Majani yalikuwa na michirizi ya njano, mabua yamedumaa.

"Tulikuamini wewe, siyo yule mtoto," alisema Mzee Eustaki, jirani yake, akampa mgongo.

Mtoto mwenyewe ni Calvin, mwana wa marehemu dada yake Otilia. Otilia ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa kuuza ulezi hadi akawa mtafiti. Alimletea vizimba vya wadudu wadogo wanaoambukiza mahindi ugonjwa wa milia.

"Wengine wamezaliwa na kinga, mama mdogo," alimweleza. "Ugonjwa ukiwaingia, unafia humo humo. Kinga iko kwenye vinasaba vyao, watoto watairithi. Tukiwaachia wazaane mashambani, milia kwisha."

Ukipenda boga, penda na ua lake. Otilia akawapenda na wadudu. Kila mmoja alimlisha jani gonjwa, kisha akamhamishia kwenye mche mzima. Mche ukibaki kijani, mdudu aliwekwa pamoja na wenye kinga. Ukishikwa na milia, aliwekwa pamoja na wale wa kuteketezwa. Majirani waliogopa, naye akawabembeleza nyumba kwa nyumba mpaka wakakubali. Calvin akaja na pikipiki, akabeba vizimba vyote, akaenda kuwafungulia mwenyewe.

Sasa hakuna hata shamba moja lililopona. Macho ya uzee yalikuwa yamemponza, Otilia hakuwa na shaka. Alichanganya wadudu. Aliona aibu iliyomnyima hata uji.

Kesho yake alishuka mtaa wa Majengo, dukani kwa Calvin. Tangu biashara ya mbegu iachiwe watu binafsi, Calvin alikuwa ameacha utafiti na kuuza mbegu. Nusu ya kijiji ilikuwa kwenye foleni, ikiwahi kupanda upya kabla mvua hazijakatika. Mungu si Athumani, walisema. Stoo ilikuwa imejaa mbegu mpya isiyoshikwa na milia. Otilia alipita mbele yao ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu. Niliwachanganya wale wadudu, nikakuharibia jina."

Calvin alimkalisha juu ya gunia, akamfungulia soda.

"Hukuchanganya hata mmoja," alisema kwa upole, akishusha sauti wateja wasisikie. "Wale wenye kinga niliwateketeza mimi."