Hodi ya Tatu

Huko Ukingoni nyumba zenyewe ndizo hujibu hodi, kila moja kwa sauti ya marehemu wake. Kwa Bi Mashavu hujibu mumewe, Baba Tunu, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kumrudisha mgeni mlangoni.

Safu ya kwanza ya nyumba ilishamezwa na mto, pamoja na watu wake. Bi Mashavu yuko safu ya pili, ambayo sasa ndiyo ya kwanza.

Alasiri moja ya masika alikuwa akipepeta mchele akasikia, "Hodi!" Akachungulia. Hapakuwa na mtu, ila maji yaliyofika kizingitini.

"Hodi!" Sauti ilikuwa ya Bi Siwema, jirani aliyezama na nyumba yake.

Bi Mashavu akaweka ungo chini, akaupapasa ukuta. "Baba Tunu, nakuomba, nyamaza. Hodi tatu zisipojibiwa, mgeni huenda zake."

"Hodi!" Safari hii ziliita sauti za safu nzima.

Kimya. Bi Mashavu akashusha pumzi.

Ndipo ukuta ukachangamka: "Karibuni, jamani! Piteni ndani, wenyewe tupo."